Mtani Akianza Kukuheshimu

Mwanangu Zuhura,

Salamu nitakupa kesho kwa mdomo tukiwa tunasubiri gari la chapa, kwa hiyo hapa naziruka. Naruka na mengine mengi. Sikuandikii habari ya chandarua, wala ya kuchemsha maji, wala ya kuulizia hali ya barabara kabla hujapanda gari. Hayo nimeshakuambia mpaka umeanza kuyamalizia mwenyewe kabla sijafika katikati. Leo asubuhi nilipoanza tena la chandarua ukaniambia, "Pronto, mama, nimesikia," ukacheka, ukaenda zako kuwaaga wajomba. Nikabaki na neno hilo, nimesikia. Ndilo lililonikalisha hapa barazani na kalamu tangu tulipotoka kuswali alasiri.

Nakuandikia kwa Kiswahili nilichosomea Mtwara kwa bibi yako, kwa sababu Kireno changu ni cha kusalimia serikali tu. Na nakuandikia badala ya kusema kwa sababu nikianza kusema, nitasema sana. Unanijua. Mama yako akifungua mdomo hufunga masikio. Hili la masikio ndilo nililotaka kulifikia, na nalionea haya, ndiyo maana unaniona nazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Juzi, ulipokuwa ukipiga pasi nguo za safari, ulinieleza utakavyofanya siku ya kwanza kwenye hiyo shule yako ya Awasse. Ulisema utawaita walimu wote, wazee kwa vijana, uwaambie mambo yatakavyokuwa tangu mwanzo: saa ya kuingia, nani atashika darasa lipi, nani atakaa kwenye nyumba za walimu na nani atapanga kijijini. Ulisema, "Mama, mimi ni mdogo kwao wote, na tena ni mwanamke. Nisipoanza kwa nguvu watanikalia." Nikakuitikia, hata nikakusifu, nikasema huyo ndiye directora, mwalimu mkuu hasa. Halafu nikaingia jikoni nikajishika kichwa. Sauti niliyoisikia ilikuwa yangu. Maneno yalikuwa yangu, na hata kule kunyanyua kidole ni kwangu. Miaka yote nilidhani unasoma vitabu vyako, kumbe ulikuwa unanisoma mimi.

Kwa hiyo nataka ujue kitabu ulichokisoma kina nini ndani. Sehemu ya habari hii unaijua, ulikuwepo. Sehemu nyingine hakuna anayeijua ila mimi na Somoe.

Tuliporudi kutoka ukimbizini vita ilipopoa kidogo, wewe ulibaki chuoni Pemba, hii yetu ya Kireno, kwa hiyo hukuuona mwanzo wetu. Wanaume wengi hawakurudi nasi. Wengine Mungu amewachukua, wengine walibaki walikokimbilia, wengine waliandikwa vibarua kwenye kazi za gesi na tunawaona siku za sikukuu. Wanawake tukaungana kulima mpunga katika bonde la nyuma ya kijiji, tukaunda chama, associação, nami nikachaguliwa presidente kwa sababu nina sauti. Nimejaribu kukumbuka sababu nyingine, sijaiona.

Katika mkutano wa kwanza kabisa, msichana mmoja aliyeolewa hapa kutoka Rongui alinyanyua mkono. Akasema mbegu niliyoichagua inachelewa kukomaa na mvua zitatukimbia. Alisema vizuri, kwa adabu. Nikamjibu, "Wewe umezaliwa kisiwani. Mpunga unaujua ukiwa kwenye sahani." Watu wakacheka. Yule msichana akakaa chini akajivutia kapulana, kanga yake, usoni. Tangu siku ile mikutano yangu ikawa mitamu sana. Nasema, wanapiga makofi, tunafunga kwa dua, tunatawanyika. Nikija nyumbani nasema wanawake wangu wana umoja ambao sijauona popote.

Aliyebaki akisema ni Somoe peke yake, na yeye alisema kwa njia yake. Somoe ni binti wa mjomba wangu, na kwetu binamu ni mtani. Tangu tukiwa watoto yeye ndiye mwenye ruhusa ya kuniita kizee, mchawi, mla vya wenyewe, na mimi nina ruhusa ya kumwita nimtakavyo. Babu yako alipokufa, wewe ukiwa mdogo, Somoe alivaa kanzu ya marehemu akaingia matangani anakohoa kama yeye, anauliza nani kamaliza nazi zake kabla hajapoa. Tulicheka huku machozi yanatutoka. Lakini mimi na ndugu zangu tulielewa. Tulikuwa tumeanza kuangaliana vibaya kwa ajili ya minazi ile, na hakuna jirani ambaye angethubutu kututamkia. Mtani alitamka, tukagawana bila ugomvi. Hiyo ndiyo kazi yake. Analoliogopa kila mtu, yeye hulisema mbele ya watu, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Mimi nilishika hilo la kutokasirika, nikaona nimetimiza wajibu wangu wote.

Mwaka wa kwanza nguruwe pori walitula sana. Mwaka wa pili nikaamua: tutachimba mashimo pembezoni mwa shamba, tuyafunike kwa matawi, na tutajenga dungu juu ya miti, wanawake wawili wawili walale humo kwa zamu kulinda. Nimesema niliamua. Sikumuuliza mtu kama analiweza. Ulikuwa umekuja likizo, ulikaa nyuma umempakata mtoto wa jirani, kwa hiyo ulisikia kila kitu. Nilipomaliza kupanga zamu, Somoe akasimama, akajishika kiuno, akaanza.

"We kizee, mie bondeni usinipeleke. Kule nina mume. Nikipanda kwenye dungu lako atanishika mguu asiniachie, na weye utakosa wa kukutukana."

Nikamjibu palepale. "Kama una mume kule mwambie ashuke na panga alinde mpunga. Huku wanaume wametuishia."

Walicheka mpaka mmoja akatoka nje kupumua. Somoe naye alicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, na moyoni nikajipongeza kwa jibu lile, nikasema leo nimempata.

Mumewe alikuwa Amade. Kijiji kizima kinajua kwamba Amade alipotea siku tuliyokimbia, hakuonekana tena, hai wala maiti. Mimi nilijua kuliko wengi, maana nilishikana mkono na Somoe siku nzima katika njia ile, watoto wake wanalia. Mwanamke ambaye hajui akae eda au aendelee kumngojea mume, mimi nikamwambia mbele ya watu kwamba mumewe aje na panga. 

Tulipokuwa tunarudi nyumbani uliniuliza, "Mama, Ma Somoe umemsikia?" Nikasema, "Nimemsikia, si umeniona nilivyocheka?" Ukasema mikono yake ilikuwa inatetemeka. Nikakujibu kwamba kafunga sunna, ana njaa. Ulikuwa na haki ya kunijibu, lakini ulikuwa umeshajifunza kwamba kwangu neno la pili halifiki.

Siku chache baadaye Somoe alikuja hapa nyumbani na bakuli la kisamvu cha nazi. Akaliweka mbele yangu, akasema, "Hongo yako hiyo, kizee. Nilinde mie, nguruwe watajilinda wenyewe." Mtu mwenye akili angeuliza, Somoe, una nini? Mimi nilikula kisamvu, nikalamba vidole, nikamwambia hongo nimeipokea na zamu iko palepale. Kisha nikampanga alale zamu moja na mimi, nikaona nimemfanyia hisani kubwa.

Sasa sikiliza lililofuata, na ungelisoma mahali pengine ungesema mwandishi katia chumvi. Siku ya zamu yetu, watu wa mradi fulani walituita Palma, viongozi wa vikundi vya wanawake, tufundishwe uongozi. Na somo la siku hiyo, wallahi sizushi, lilikuwa kusikiliza. Bwana mmoja wa sauti laini alituambia kwamba kiongozi humtazama machoni anayesema, hutikisa kichwa, kisha humrudishia maneno yake ili mwenzake ajue amesikika. Tulifanya mazoezi wawili wawili. Nilisifiwa mbele ya wote kwa jinsi nilivyotikisa kichwa, nikapewa na kofia. Jioni gari la kuturudisha halikuja, ikabidi tulale Palma. Nilikula wali na kuku, nikapiga soga na wenzangu. Sikumpigia mtu yeyote simu kijijini amwambie Somoe asiende peke yake. Nimewahi kuwaambia watu kwamba nilidhani ataona sijafika atarudi zake. Si kweli. Sikudhani chochote. Sikumkumbuka.

Somoe alikwenda, kwa sababu presidente alisema zamu iko palepale.

Walimkuta asubuhi wanawake waliokwenda kufukuza ndege. Alikuwa ndani ya shimo la nguruwe, shimo nililoamuru mimi lichimbwe, mguu umevunjika chini ya goti. Alikuwa ameshuka kwenye dungu gizani akakimbia bila njia. Hakuna nguruwe aliyekuja. Mpunga ulikuwa umesimama wote, hata shuke moja halijavunjwa. Mguu ulivyounga unajua, unamwona anavyotembea kwenda kisimani. Uliporudi chuoni nilikuambia kwamba ilikuwa ajali, na watu wote wanasema ajali, naye Somoe anasema ajali.

Usiyoyajua yanaanzia hospitali. Nilikwenda kumwona na kuku wawili na mchele na maneno mengi kuliko mchele. Nilimweleza habari ya gari, habari ya semina, habari ya dereva aliyetudanganya, nikamwambia mashimo yalikuwa na alama, nikamwambia Mungu ndiye mpangaji. Nilimwomba radhi pia, mahali fulani katikati. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilipomaliza nilikaa nikingoja. Nilingoja aniambie, we kizee, umenivunja mguu ili unipite kwenye ngoma. Ningelia, tungelia wote, yangekwisha. Akasema, "Ahsante kwa kuja, Presidente. Mungu akulipe."

Nilifikiri ni maumivu. Lakini alipotoka hospitali tulikutana kisimani, akainamisha kichwa akasema, "Shikamoo, Presidente." Zuhura, mimi na Somoe tumelingana. Tumechezwa unyago pamoja, chumba kimoja, tumepigwa fimbo moja. Shikamoo ile sikujua niipokee kwa mkono gani. Waliokuwepo walifurahi, wakasema ajali imemkomaza, sasa ana adabu. Mtani akianza kukuheshimu, mwanangu, jua ameshakufungia mlango, na anaufunga kwa heshima ili usipate hata pa kubishia hodi.

Katika harusi ya kaka yako watu walimngoja. Unajua Somoe alivyokuwa kwenye harusi, lazima avae suruali ya bwana harusi, lazima amdai mama mtu zawadi ya mkono wa mwana. Alikaa mkekani, akala, akashukuru, akasema Mungu awape kheri. Mimi nilikuwa nazunguka na sinia la wali huku namwomba Mungu Somoe anitukane hata mara moja, mbele ya wakwe, neno lolote. Hakunitukana. Wewe uliniuliza siku ile kwa nini nina huzuni na harusi imefana, nikakuambia nimechoka.

Utauliza kwa nini sijauacha uongozi. Nilitaka. Nilisimama kwenye mkutano nikasema natafuta wa kunipokea, wakakataa kwa makofi. Na mimi siwezi tena kujua makofi yao yana nini ndani. Hiyo ndiyo adhabu ya kiongozi wa namna yangu. Watu wananiitikia kila kitu, na sijui lini wanasema kweli.

Nimefikiri sana kuhusu masikio yangu. Mwanzoni nilijitetea kwamba sikusikia. Lakini tazama, maneno ya Somoe nimekuandikia hapa kama alivyoyasema, sijasahau hata moja. Kwa hiyo masikio yalikuwa yanafanya kazi. Kitu nilichokuwa nakisikiliza ni jibu langu, naliona linakuja, linapendeza, naogopa lisinipite. Mtu mwingine akisema, mimi nilikuwa nangoja tu anyamaze ili nipate nafasi. Hata bwana wa Palma na kofia zake hakulijua hilo, maana kichwa nilikuwa nakitikisa vizuri.

Wewe unakwenda kukaa na watu usiowajua. Walimu wako watasimama ukiingia, watakuita directora, na mara ya kwanza itakupendeza, hakuna mtu isiyempendeza. Wengine wamefundisha kabla hujazaliwa, na wengine wamepita mambo katika vita hii ambayo hawatayasema ofisini. Watasema kwa pembeni. Mwalimu mzee akikutania kwamba paa la darasa lake linamnyoa nywele bure, usishindane naye kwa mzaha, ingawa najua utakuwa na jibu zuri, jibu hilo umelirithi kwangu. Cheka, kisha nenda ukaliangalie paa. Na aliyekuwa anakutania akinyamaza ghafla akaanza adabu, usifurahi. Mtafute siku hiyohiyo. Mimi nilingoja mpaka jana.

Jana nilikwenda kwa Somoe. Nilikuwa nimekwenda mara nyingi kabla ya hapo, na kila mara nilikwenda na kitu mkononi na hotuba mdomoni. Jana nilikwenda mikono mitupu. Nilimkuta barazani kwake anasuka ukili, ule mguu ameunyoosha mbele. Akanipa mkeka, akanipa shikamoo yangu. Nilikaa. Hotuba ilikuwepo, tayari kabisa, nikaiacha.

Nikamuuliza, "Somoe, wewe na Amade mliachania wapi?"

Akasuka mpaka ukili ukafika mwisho wa ukindu aliokuwa nao, akaongeza mwingine. Nilitaka kusema kwamba kama hutaki basi, nilitaka kusema samahani nimekuuliza, nilitaka kusema lolote. Nikang'ata pindo la kapulana yangu.

"Palepale," akasema. "Pale ulipojenga dungu."

Akaendelea bila kuniangalia. Siku ile tulipokuwa tunakimbia, Amade alikuwa amembeba mtoto wao wa kati. Walipofika kwenye ile miti akamshusha, akasema tangulieni, nimemwacha mama. Mama yake alikuwa mzee, miguu haimbebi, na katika ule mchafuko kila mmoja alidhani mwingine amemchukua. Somoe akamwambia usiende. Akasema lazima.

"Nkamwambia, basi nenda ukafe naye. Nlisema hivyohivyo. Nlikuwa na hasira, nna watoto watatu na bunduki zinalia. Akacheka, Mwanasha. Sie ni mabinamu, tumetaniana tangu wadogo, akadhani namtania. Alikwenda anacheka. Nami sikuwa namtania."

Ukili ukawa umelala mapajani mwake. Akasema yule mama walimkuta baadaye, wakamzika. Amade hakuwepo. Wengine walisema wamemwona miongoni mwa waliochukuliwa na wenye bunduki, wengine wakasema hapana. Akasema usiku ule kwenye dungu hakusikia nguruwe wala chui wala mtu mwenye silaha. Alimsikia mumewe anacheka chini ya miti, akashuka kumfuata amwambie kwamba halikuwa neno la utani.

Mara kwa mara nilitaka kumkatiza. Nilikuwa na aya ya kumsomea, nilikuwa na mfano wa mjane mwingine, nilikuwa na ushauri. Niliendelea kung'ata nguo mpaka ikalowa. Alipomaliza niliitoa mdomoni. Tulikaa hivyo mpaka kivuli cha nyumba kikatufikia miguuni.

Kisha akasema, "Hata ungeniuliza siku ile nisingekwambia. Lakini ningejua kuna mtu kaniuliza."

Sikumwomba radhi. Ilikuwa zamu yake ya kusema, nami ya kwangu nilishaitumia vibaya zamani. Niliposimama kuondoka akaniita.

"Zuhura anakwenda Awasse. Watu waliochukuliwa wakapitishwa njia ya huko walikuwa wengi. Miaka yote hii sijamtuma mtu aniulizie, maana kila nikianza, wananambia nisubiri au wananambia niolewe, hawangoji nimalize. Zuhura siku ile alinitazama mikono. Mwambie, akikaa na watu wa kule, akisikia habari ya Amade, aisikilize."

Nikasema nitakuambia. Akasema, "Kwaheri, Presidente."

Bado ni Presidente. Sikutazamia jingine, na tafadhali usije ukaenda kumbembeleza kwa ajili yangu. Mlango ule ni wake.

Kwa hiyo nakuandikia alivyo, kwa sababu miaka imepita na huenda umemsahau. Amade ni mrefu, mwembamba, ana kovu la maji ya moto kwenye mkono wa kushoto, kutoka kiwiko mpaka kifundo. Sauti yake ni nyembamba kuliko mwili wake. Hawezi kumaliza kisa bila kucheka kabla ya mwisho, mpaka watu wanacheka kabla hawajajua wanachekea nini. Mama yake alimwita Mkia kwa sababu alimfuata kila mahali, na huenda huko aliko au alikopita alijitaja kwa jina hilo.

Usiende ukiuliza nyumba kwa nyumba. Watu wa kule wameulizwa sana na wenye bunduki, wa kila upande, na wamejifunza kujibu wanachotakiwa kujibu. Fundisha watoto wao. Kaa nao. Siku moja mtu atataja kitu, labda katikati ya habari nyingine, labda kwa mzaha, na huenda isiwe habari ya Amade bali ya mtu wake mwenyewe aliyepotea. Isikilize hiyo kwanza mpaka mwisho, hata kama haituhusu.

Na ukilipata neno la Amade, liwe jema au baya, usilipitishe kwangu. Usinipigie simu. Nitalipamba, au nitalipunguza makali, au nitamfikishia Somoe likiwa limeshavaa ushauri wangu. Omba ruhusa, panda gari, uje mwenyewe hadi kwake. Hapa nyumbani utakuja baadaye. Mwambie kama ulivyoambiwa, halafu kaa naye kimya, hata kama ni mpaka jioni, mpaka yeye amalize.

Mimi niliyekuzaa na bado nakuonea haya,
Mama yako, Mwanasha